Morice: Mfaransa aliyelirudisha Afrika jina lililotoka Afrika

Na Mwandishi Wetu, Njinjo

JINA la Jean-Vincent Morice si geni kwa Mtanzania aliyesoma historia katika shule ya sekondari. Hutajwa kwa sentensi moja au mbili tu: Mfaransa aliyefunga mkataba na Sultani wa Kilwa mwaka 1776 ili apatiwe watumwa 1,000 kila mwaka. Baada ya hapo mwalimu huendelea na Seyyid Said na mikarafuu ya Zanzibar, na Morice hubaki kwenye mstari wake akisubiri swali la mtihani.

Hata hivyo, ndani ya jina hilo fupi la herufi sita mna safari ndefu kuliko ile ya mwenye jina. Ni jina la ukoo la Kifaransa ambalo chimbuko lake si Ufaransa. Lilianza kama neno la kuwaita watu wa Afrika, likavuka bahari ya Mediterania, likabatizwa, likawa mali ya familia za magharibi mwa Ufaransa, likapanda merikebu na kuingia Bahari ya Hindi. Lilipofika Kilwa katika miaka ya 1770, aliyelibeba alikuja kununua Waafrika.

Njinjo ni kata ya bara katika Wilaya ya Kilwa, mkoani Lindi, kwenye bonde la Mto Matandu, kandokando ya barabara itokayo Nangurukuru kwenda Liwale. Morice hakuwa mtu wa bara. Biashara yake aliifanyia ufukweni, penye kina cha maji na kivuli cha majumba ya mawe. Lakini watu aliowanunua hawakuota ufukweni. Walishushwa kutoka bara, kwa njia zilizopita katika nchi za Wayao na Wangindo hadi kufika baharini. Ndiyo maana habari za jina lake zinawahusu pia watu wa huku, ambao majina ya wenzao waliochukuliwa hayakuandikwa na mtu.

Tuanze na jina lenyewe.

Warumi wa kale waliwaita wakazi wa kaskazini-magharibi ya Afrika kwa jina la Mauri, na nchi yao wakaiita Mauretania. Hiyo si Mauritania ya leo, bali ni sehemu za nchi ambazo sasa ni Morocco na magharibi ya Algeria. Mtu mmoja wa huko aliitwa Maurus, na kutokana na neno hilo likapatikana jina Mauricius, lenye maana ya mtu aliye na nasaba au mfano wa Wamauri. Katika lugha nyingi za Ulaya, mzizi huo huo uliendelea kutumika kumtaja mtu mweusi, au mtu wa Afrika, na baadaye Mwislamu wa nchi yoyote.

Lililolifanya jina hilo lipendwe na Wakristo ni habari za Mtakatifu Maurice. Kwa mapokeo ya Kanisa, Maurice alikuwa kiongozi wa kikosi cha askari wa Kirumi kilichotoka Thebes, nchini Misri, na aliuawa pamoja na wenzake karibu na mwisho wa karne ya tatu kwa kukataa amri ya Kaizari iliyopingana na imani yao. Mahali panaposemekana aliuawa pako katika nchi ambayo leo ni Uswisi, na mwaka 515 ilianzishwa hapo monasteri ambayo bado ipo hadi leo. Katika kanisa kuu la Magdeburg, nchini Ujerumani, imo sanamu yake ya karne ya 13. Mchongaji alimfanya askari mwenye deraya ya chuma, na uso wake ni wa Mwafrika bila shaka yoyote.

Basi wazazi wa Ulaya wakawabatiza watoto wao kwa jina la Mwafrika huyo, karne baada ya karne, wengi wao bila kujua wala kuuliza asili yake.

Majina ya ukoo yalikuja baadaye. Katika Ufaransa ya zamani mtu alikuwa na jina moja tu, lile la ubatizo. Kadiri miji ilivyojaa watu, jina moja halikutosha kumtofautisha Pierre huyu na Pierre yule, na kuanzia karne ya 11 watu wakaongezewa jina la pili: la kazi, la mahali, la umbo, au la baba. Mtoto wa mtu aitwaye Maurice akawa Fulani wa Maurice, na polepole jina hilo la baba likaganda, likawa la watoto, wajukuu na vitukuu. Amri ya Villers-Cotterêts ya mwaka 1539 iliwataka makasisi waweke daftari za ubatizo, na kwa kuwa kilichoandikwa hakibadiliki kwa urahisi, majina yakazidi kutulia.

Makarani wa parokia hawakuwa na mwongozo wa tahajia. Waliandika walivyosikia. Kwa hiyo jina moja likapata sura nyingi: Maurice, Morice, Morisse, Morisset, Morisot. Hata Moreau, Morel na Morin hutokana na mzizi huo wa Maurus, kwa njia ya neno la zamani lililomaanisha mtu mweusi au mwenye rangi ya maji ya kunde. Umbo la Morice lilishika mizizi zaidi magharibi mwa Ufaransa, hasa Bretagne na majimbo jirani. Mmoja wa wenye jina hilo, mtawa Pierre-Hyacinthe Morice, aliyezaliwa mwaka 1693 na kufariki 1750, ndiye aliyeandika historia kubwa ya Bretagne.

Kutoka hapo jina likasambaa. Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066 waliingia nalo, na huko likawa Morris. William Morice alikuwa waziri wa Mfalme Charles II katika karne ya 17. Padri Adrien-Gabriel Morice, aliyezaliwa Ufaransa mwaka 1859, alihamia Canada akiwa mmisionari, akawatungia Wahindi Wekundu wa huko mfumo wa kuandika lugha yao, na leo uko mto na ziwa vinavyoitwa kwa jina lake. Hata Tanzania hatukukosa sehemu yetu. Akina Moris na Maurice ni wengi makanisani, na mkuu wa wamisionari Wabenediktini wa Dar es Salaam hadi mwaka 1902 aliitwa Maurus Hartmann. Aliyemrithi, Askofu Cassian Spiss, ndiye aliyeuawa Agosti 1905 katika nchi ya Wangindo akiwa njiani kutoka Kilwa, siku za mwanzo za Vita vya Maji Maji.

Lakini tawi linalotuhusu ni lile lililoingia Bahari ya Hindi, na huko jina lilimtangulia mtu.

Mwaka 1598 Waholanzi walitia nanga katika kisiwa kisichokuwa na wakazi, mashariki ya Madagascar. Wakakiita Mauritius kwa heshima ya mtawala wao, Mwanamfalme Maurits wa Nassau, ambaye naye alikuwa na jina lile lile la mtakatifu wa Thebes. Waholanzi walikiacha kisiwa mwanzoni mwa karne ya 18, na mwaka 1715 Wafaransa wakakichukua na kukibadilisha jina kiitwe Île de France. Waingereza walipokiteka mwaka 1810 walirudisha jina la kwanza. Waswahili husema Morisi, matamshi ambayo yanakaribia sana yale ya mfanyabiashara wetu. Sadfa, naam, lakini ni sadfa inayotoka katika mzizi mmoja.

Île de France na jirani yake Bourbon, ambacho leo ni Réunion, vilikuwa visiwa vya mashamba. Kahawa, miwa, viungo na chakula cha merikebu ziendazo India vilihitaji mikono, na mikono hiyo ililetwa kwa nguvu kutoka Madagascar, Msumbiji, India na pwani yetu. Kwa muda mrefu biashara yote ilikuwa chini ya Kampuni ya Kifaransa ya India. Mwaka 1769 haki hiyo ya pekee iliondolewa, na kila Mfaransa mwenye merikebu na mtaji akaruhusiwa kutafuta riziki yake. Wengi waliitafuta katika biashara ya watu. Msumbiji walikuwepo Wareno na ushuru wao. Kaskazini zaidi palikuwa na bandari za Waswahili ambazo Mreno hakuwa na mamlaka nazo tena tangu alipofukuzwa Mombasa mwaka 1698.

Ndipo Jean-Vincent Morice anapojitokeza katika kumbukumbu. Alikuwa mmoja wa wafanyabiashara wa Île de France walioelekeza merikebu kaskazini, Zanzibar na Kilwa, katikati ya miaka ya 1770. Katika safari tatu alipakia watu zaidi ya 2,300. Tarakimu hiyo pekee inatosha kuonyesha kwamba hakuwa mbabaishaji. Alikuwa na fedha, merikebu na wateja, na alifahamu thamani ya kuwa mtu wa kwanza mlangoni.

Kilwa aliyoikuta haikuwa ile ya Ibn Battuta, aliyeizuru mwaka 1331 wakati dhahabu ya Sofala ikipita mikononi mwa masultani wake. Wareno waliipiga mwaka 1505, na karne mbili zilizofuata ziliipunguza. Waomani nao waliishika kwa muda katika karne ya 18, wakafukuzwa mnamo mwanzo wa miaka ya 1770. Sultani Hasan bin Ibrahim, wa nasaba ya Kishirazi, alikuwa na kiti cha enzi, jina kubwa, magofu ya mababu na hofu ya Waomani kurudi. Bara, Wayao walikuwa wakishusha pembe za ndovu na mateka kwa wingi uliozidi kuongezeka.

Mkataba wa mwaka 1776 ulizaliwa katika mazingira hayo. Masharti yake yanaeleweka upesi, na pengine ndiyo maana yanatisha. Sultani aliahidi kumpa Morice watu 1,000 kila mwaka, kila mmoja kwa piasta 20 za fedha, yaani zile riale za Kihispania zilizotumika pwani yote. Juu ya bei hiyo, Morice angemlipa Sultani zawadi ya piasta 2 kwa kila kichwa. Hakuna mnunuzi mwingine, awe Mfaransa, Mholanzi au Mreno, ambaye angehudumiwa kabla Morice hajatosheka. Angepewa ngome, aweke humo mizinga na kutweka bendera yake. Anayemshambulia mmoja angekuwa amewashambulia wote wawili. Na muda wa mkataba ulikuwa miaka 100.

Hesabu ni rahisi. Piasta 22,000 kwa mwaka, zikiwamo 2,000 za mfuko wa Sultani. Watu 100,000 kwa muda wote wa mkataba. Kama ungetekelezwa hadi siku ya mwisho, ungemalizika mwaka 1876, ambao ndio mwaka Sultani Barghash wa Zanzibar, kwa shinikizo la Uingereza, alipopiga marufuku misafara ya watumwa kutoka bara na usafirishaji wao kwa njia ya nchi kavu. Hadi mwaka huo bado palikuwa na misafara ya kuzuia, na waliokasirishwa zaidi na marufuku hiyo walikuwa wafanyabiashara wa Kilwa.

Kuna wanaopenda kumwona Sultani Hasan kama mzee aliyelaghaiwa na mgeni. Masharti hayasemi hivyo. Aliyetaka ulinzi alipata ahadi ya mizinga, na aliyetaka mapato alipata zawadi ya piasta 2 kwa kichwa ambayo hakuwa na haja ya kumgawia mtu. Alijua anachouza. Ambacho huenda hakukipima sawasawa ni ahadi ya ngome, kwa maana mgeni aliyepewa ngome, bendera na karne nzima si mpangaji tena.

Jambo moja katika mkataba huo halijapewa uzito unaostahili. Wafaransa wa zama hizo waliwaita Waislamu wa pwani kwa neno Maures, yaani Wamauri, lile lile la Warumi. Mkataba uliwataja Wafaransa, Wamauri na mfalme wa Kilwa kuwa kitu kimoja tangu siku hiyo. Chini yake ikatiwa saini: Morice. Mtu mwenye jina lenye maana ya Mmauri alitia sahihi ya udugu na watu aliowaita Wamauri, ili auziwe Waafrika wengine. Hakuna dalili kwamba alililiona hilo. Kwake jina lilikwisha kuwa la Kifaransa kwa karne nyingi, kama vile shati lilivyo la mvaaji na si la mkulima wa pamba.

Baada ya saini, Morice aliigeukia serikali yake. Aliandaa mpango wa kuishawishi Ufaransa ianzishe kituo cha kudumu Kilwa. Mpango huo ulipitia mikononi mwa Joseph-François Charpentier de Cossigny, mhandisi na mtaalamu wa mimea wa Île de France, na hati zake zimehifadhiwa Oxford, Uingereza. Mwanahistoria G. S. P. Freeman-Grenville alizichapisha mwaka 1965 katika kitabu chake kuhusu Wafaransa katika kisiwa cha Kilwa. Bila kazi hiyo, Morice angekuwa jina kwenye karatasi chache tu za biashara.

Inafaa kukiri kwamba hati hizo zina manufaa. Morice alikuwa msikilizaji mzuri. Aliwauliza Waswahili wa Kilwa habari za bara, akaandika kuhusu misafara iliyotembea miezi miwili, ikavuka bahari kubwa ya maji matamu kwa siku mbili, kisha ikatembea miezi miwili mingine hadi pwani ya upande wa pili wa Afrika. Bahari hiyo ya maji matamu kwa kila hali ni Ziwa Nyasa. David Livingstone, anayesifiwa kwa kulifikia, alifika mwaka 1859. Waswahili na Wayao walikuwa wakilivuka zaidi ya miaka 80 kabla yake, na shahidi wetu ni mfanyabiashara wa watumwa.

Njia hizo alizosimuliwa ndizo zinazoifunga Njinjo na habari hii. Kati ya ziwa na Kilwa hapakuwa na nchi tupu. Palikuwa na vijiji, mashamba ya mtama, visima na vivuko, na kila mnunuzi mpya wa pwani aliongeza hatari ya kuishi karibu na njia. Mtu aliyeahidiwa kwa piasta 20 kwenye kisiwa alipaswa kwanza kupatikana bara: kwa vita, kwa kutekwa njiani, kwa deni, au kwa kuuzwa wakati wa njaa. Mkataba haukulazimika kueleza hayo. Uliandika idadi, na idadi ikafanya kazi yake.

Mpango wa Morice haukukubaliwa. Mwaka 1778 Ufaransa iliingia vitani na Uingereza kwa sababu ya uhuru wa Marekani, na merikebu na fedha zikaelekezwa huko. Kituo hakikuanzishwa, wala gavana wa Kifaransa hakuletwa. Nahodha mwingine Mfaransa, Joseph Crassons de Medeuil, alipofika Kilwa katika miaka ya 1784 na 1785, aliorodhesha merikebu za Kifaransa zilizokuwa zimepakia watu hapo katika muda wa karibu miaka mitatu na kupata jumla ya zaidi ya 4,000. Kwa maneno mengine, mradi wa Morice ulishindwa kama mpango wa serikali, ila ulifaulu kama njia iliyozoeleka. Wengine waliipita.

Miaka hiyo hiyo Waomani walirudi na kuiweka Kilwa chini yao. Mizinga ya Wafaransa iliyoahidiwa haikulia. Hiyo Gereza ambayo wageni wa Kilwa Kisiwani huipiga picha hadi leo, kandokando ya maji, ni ngome ya Kiomani iliyojengwa mnamo mwaka 1800 juu ya misingi ya Wareno. Bendera ya Morice haina jiwe lake pale. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1981, na miongoni mwa mengi yanayosimuliwa pale, Mfaransa huyu hupata nafasi ndogo. Si vibaya. Waliopungukiwa na nafasi kuliko yeye ni wale 2,300.

Tuwafuate basi, walau kwa majina.

Katika bara ya Kilwa mtu hajulikani kwa jina la ukoo kwa namna ya Kifaransa. Hutajwa kwa jina lake, la baba yake na la babu yake, na mwulizaji akitaka zaidi huulizwa naye ni wa wapi na wa nani. Kusini zaidi, Wamakua hurithi nihimo, yaani ukoo, kutoka kwa mama, na mtu asiyejua nihimo yake ni sawa na asiye na watu. Mfumo huo hauhitaji karatasi. Unahitaji jamaa. Ukimtenga mtu na wazee wake, umemfutia daftari lake lote.

Sheria ya Wafaransa kwa visiwa hivyo, iliyotolewa Desemba 1723, iliagiza watumwa wabatizwe. Waliotoka Kilwa walipewa jina moja la kubatiziwa au la kuitia kazini. Wengine waliitwa kwa miungu na mashujaa wa Warumi na Wagiriki, wengine kwa siku za juma au miezi. Jina la ukoo hawakuwa nalo, kwa kuwa jina la ukoo ni la mtu anayeweza kurithi na kurithisha, na mtumwa kwa sheria alikuwa kitu cha kurithiwa. Katika safu ya asili, makarani waliwaandika kwa neno Mozambique. Myao, Mmakua, Mngindo, Mmatumbi, Mmwera, aliyepakiwa Kilwa na aliyepakiwa Ibo, wote waliingia katika neno hilo moja. Mwanahistoria Mfaransa Jean-Michel Filliot, katika kitabu cha mwaka 1974, alikadiria kwamba watu wapatao 160,000 waliingizwa utumwani katika visiwa hivyo hadi mwaka 1810, na karibu asilimia 40 walitoka Msumbiji na pwani ya Afrika Mashariki.

Linganisheni na upande wa pili. Agosti 1794, katikati ya Mapinduzi, serikali ya Ufaransa ilipitisha sheria ya kumkataza raia kutumia jina lolote lisilo lile la cheti chake cha kuzaliwa. Jina la ukoo likawa jambo la dola, lisiloguswa. Februari mwaka huo huo Bunge la Mapinduzi lilikuwa limefuta utumwa katika makoloni, lakini wenye mashamba wa Île de France walikataa kutii, na mwaka 1796 waliwafukuza wajumbe walioletwa kutekeleza sheria hiyo. Napoleon akaurudisha utumwa rasmi mwaka 1802.

Mwaka 1822, katika mkataba uliofungwa na nahodha Mwingereza Fairfax Moresby, Seyyid Said alikubali kukataza watu wake kuwauzia Wakristo watumwa, na njia ya Kilwa kwenda visiwani ikaanza kuzibwa, ingawa magendo hayakukoma mara moja. Mauritius ilifuta utumwa tarehe 1 Februari 1835. Waingereza walitoa fidia ya zaidi ya pauni milioni 2 kwa kisiwa hicho. Fidia hiyo ililipwa kwa wenye watumwa. Majina yao ya ukoo yameandikwa vizuri katika daftari za malipo.

Réunion ilichelewa hadi tarehe 20 Desemba 1848, siku Kamishna Sarda Garriga alipotangaza uhuru wa watu zaidi ya 60,000. Hapo makarani walikabiliwa na kazi ambayo Ufaransa ilikuwa imeifanya kwa karne tano: kumpa kila mtu jina la ukoo. Waliifanya kwa miezi michache. Walikatazwa kutoa majina ya familia za wazungu zilizojulikana kisiwani, hivyo wakabuni. Walipindua herufi za majina mengine, wakachukua majina kutoka historia ya kale na kalenda, wakageuza majina ya ubatizo kuwa ya ukoo. Majina machache ya Kiafrika na Kimalagasi yalinusurika. Wajukuu wa wajukuu wao ndio wenye majina hayo leo, na mgeni akiyasikia Saint-Denis au Paris hudhani ni ya Kifaransa tangu zamani.

Nchini Mauritius serikali iliunda Tume ya Ukweli na Haki mwaka 2009 kuchunguza urithi wa utumwa na wa wafanyakazi wa mkataba, na taarifa yake ilitoka Novemba 2011. Miongoni mwa mambo iliyoyashughulikia ni kilio cha wazao wa watumwa wanaotafuta asili ya familia zao. Wazao wa Wahindi walioletwa baada ya mwaka 1834 wana daftari zinazotaja kijiji, baba na umri wa mhamiaji, pamoja na picha kwa wale wa miaka ya baadaye. Wazao wa watu wa Kilwa hurudi nyuma kizazi kwa kizazi, kutoka jina la sasa hadi jina la 1835, kutoka hapo hadi jina moja la shambani, mpaka kwenye lile neno la karani, Mozambique. Anayetafuta habari za ukoo wa Morice ana daftari za parokia za Bretagne, vitabu, saini ya mwaka 1776, na mtakatifu wa Thebes mwanzoni mwa orodha.